Mahakimu Wawili na Hesabu ya Sataranji

Namba nyingi kubwa hazina historia. Mtu yeyote aweza kushika kalamu akaandika tarakimu ishirini bila ya mpango, na namba itakayopatikana itakuwa kubwa kweli. Lakini haitakuwa na mtu aliyepata kuitafuta, wala aliyebishana na mwenziwe kwa ajili yake. Namba 18,446,744,073,709,551,615 si ya jamii hiyo. Kwa muda wa miaka zaidi ya elfu imekuwa ikihesabiwa na wanajimu, makarani wa mizani, wafanya biashara, washairi na mabingwa wa hesabu. Imekutana pia na mahakimu wawili, walioachana mbali kwa nchi, kwa dini na kwa zama. Wa kwanza alitilia shaka jambo lililokuwa kweli, asiridhike mpaka alipoonyeshwa kwa dalili. Wa pili aliamini jambo lisilokuwa kweli, akadumu katika imani hiyo kwa miaka mingi ingawa hakuwa na dalili ya kutosha. Habari za namba hii, na sifa zake zilizogunduliwa kidogo kidogo, zafaa kusomwa pamoja na habari za mahakimu hao.

Hakimu wa kwanza ni Ibn Khallikan, aliyezaliwa Irbil katika nchi ya Iraki mwaka 1211, na kufariki Damaski mwaka 1282. Alikuwa kadhi mkuu wa Damaski, lakini jina lake limebaki zaidi kwa sababu ya kitabu chake kikubwa cha maisha ya watu mashuhuri, Wafayat al-Ayan. Alipofika kwenye habari za Abu Bakr al-Suli, mchezaji hodari wa sataranji wa zama za makhalifa wa Baghdad, aliona kwamba watu wengi humdhania al-Suli kuwa ndiye aliyeubuni mchezo huo. Ili kuwasahihisha, akasimulia kisa cha Sissa bin Dahir, mtu mwenye hekima wa Bara Hindi, na mfalme aliyeitwa Shihram.

Kisa chenyewe kimeenea mno. Sissa alibuni sataranji akamtunukia mfalme. Mfalme akafurahi, akamwambia ataje zawadi aitakayo. Sissa akaomba apewe chembe moja ya ngano kwa nyumba ya kwanza ya bao, mbili kwa nyumba ya pili, nne kwa ya tatu, nane kwa ya nne, na hivyo hivyo kila nyumba iwe maradufu ya ile iliyotangulia, mpaka nyumba zote 64 zitimie. Neno "nyumba" ndilo walilolitumia Waarabu kwa kila mraba wa bao la sataranji. Mfalme akaliona ombi hilo kuwa dogo kiasi cha kumvunjia heshima, maana alikuwa amekusudia kutoa kitu kikubwa. Akaamuru Sissa apewe. Makarani wa hazina walipokaa kupiga hesabu, wakarudi wakisema kwamba ngano yote ya ufalme haitoshi, wala haikaribii kutosha. Mfalme alipokwisha kuthibitishiwa, akamwambia Sissa kuwa ombi lake ni la ajabu kupita hata mchezo aliobuni.

Wasimulizi wengi huishia hapo, wakaacha watu wacheke. Ibn Khallikan hakuishia hapo. Yeye alikuwa hakimu, na hakimu hukumbana kila siku na watu wanaotia chumvi. Akaandika kwamba moyoni mwake alikuwa na wasiwasi juu ya maneno hayo, akiyaona kuwa yamepita kiasi, mpaka alipokutana na mmoja wa mahasibu wa Iskandaria aliyemwonyesha njia ya kuyapima, akamletea na karatasi iliyoandikwa hesabu yenyewe.

Njia ya mhasibu huyo ilikuwa ya mtu aliyezoea ghala na vipimo. Alizidisha maradufu nyumba kwa nyumba mpaka akafika nyumba ya 16, ambayo chembe zake ni 32,768. Hapo akaacha kuhesabu chembe, akashika kipimo. Kiasi hicho, alisema, ni sawa na qadah moja ya Misri, na kwamba amekwisha kukipima mwenyewe akakiona kuwa hivyo. Ibn Khallikan akaandika kwamba dhamana ya neno hilo ni juu ya msemaji. Baada ya hapo mhasibu akaendelea kuzidisha qadah badala ya chembe: nyumba ya 20 ikawa waiba moja, yaani qadah 16, kisha waiba zikageuzwa kuwa ardabu, kila waiba sita ardabu moja, na nyumba ya 40 ikafika ardabu 174,762 na theluthi mbili. Ghala moja, akasema, haichukui zaidi ya hapo. Akazidisha maghala, na nyumba ya 50 ikawa maghala 1,024, ambayo aliyahesabu kuwa ni mji mmoja. Akazidisha miji, na nyumba ya 64, peke yake, ikawa miji 16,384. Ulimwenguni hamna miji mingi kupita hiyo.

Msomaji wa Kiswahili hatakosa kuona kuwa njia hiyo si ngeni kwake. Vipimo vya nafaka vya pwani ya Afrika Mashariki navyo vilipanda kwa maradufu: vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Mhasibu wa Iskandaria angalikaa sokoni Lamu au Unguja angaliweza kufanya kazi ile ile kwa vibaba na pishi. Chembe 32,768 za ngano, zikikadiriwa kuwa chembe 25 kwa gramu moja, zina uzito wa kilo moja na gramu mia tatu na ushei, kiasi kisichokuwa mbali na kisaga.

Kuna jambo la kutazamwa hapa kwa makini, kwa kuwa ndilo lililompoteza mfalme. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ni ya kweli, nayo yafundisha saburi. Lakini ni methali ya kujumlisha. Anayetia chembe moja leo, na moja kesho, na moja kesho kutwa, atakijaza kibaba chake kwa muda mrefu, na muda huo akili ya mtu yaweza kuukisia. Sissa hakuomba haba na haba. Aliomba maradufu juu ya maradufu, na kwa jambo hilo akili haina kipimo cha kuzaliwa nacho. Nusu ya kwanza ya bao, yaani nyumba 32, huchukua chembe 4,294,967,295, zenye uzito wa tani 172 hivi, kiasi ambacho mfalme mwenye nchi angeweza kukitoa bila ya kutetemeka. Nusu ya pili huchukua chembe hizo mara 4,294,967,296. Jumla ya bao zima ni karibu tani bilioni 738. Siku hizi dunia nzima huvuna ngano isiyozidi sana tani milioni 800 kwa mwaka. Hata hivyo ingebidi kukusanya mavuno yote ya miaka zaidi ya mia tisa, bila ya mtu kula mkate, ili deni la Sissa lilipwe.

Kama Sissa na Shihram waliishi kweli ni jambo ambalo historia haina ushahidi wake. Lililo na ushahidi ni kwamba sataranji ilitoka Bara Hindi ikapita Uajemi kabla ya kufika kwa Waarabu, na kwamba hesabu hii ilikuwa maarufu kabla ya Ibn Khallikan kuzaliwa. Mwaka 952, mjini Damaski, al-Uqlidisi aliandika kitabu juu ya hesabu za Kihindi, na humo akaeleza namna ya kuzidisha moja maradufu mara 64, akisema kuwa ni swali linaloulizwa na watu wengi. Karibu na mwaka 1000, al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa Khwarazm, aliitoa jumla yenyewe kwa ukamilifu katika kitabu chake cha kalenda za mataifa ya kale. Na njia yake ni fupi kwa namna ya kushangaza.

Al-Biruni alitumia kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba jumla ya chembe za nyumba zote mpaka nyumba yoyote ni pungufu kwa moja tu kuliko chembe za nyumba inayofuata. Moja na mbili na nne ni saba, na nyumba inayofuata ina nane. Sababu yake yaweza kuonyeshwa kwa mkono: mtu akiongeza chembe moja ya ziada katika nyumba ya kwanza, zitakuwa mbili, mbili hizo zikiongezwa juu ya mbili za nyumba ya pili zitakuwa nne, nne juu ya nne za nyumba ya tatu zitakuwa nane, na lundo litasogea hivyo, likiongezeka maradufu kila nyumba, mpaka litoke nje ya bao na kuwa sawasawa na nyumba ya 65, kama ingalikuwako. Basi iliyobaki ni kuijua nyumba ya 65 na kutoa ile chembe moja ya ziada.

Kanuni ya pili ilimwokoa na taabu ya kuzidisha mara sitini na nne. Nyumba ya 5 ina chembe 16. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256, ndiyo nyumba ya 9. Namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 65,536, nyumba ya 17. Hiyo nayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 4,294,967,296, nyumba ya 33. Na hiyo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 18,446,744,073,709,551,616, nyumba ya 65 isiyokuwako. Toa moja, na hesabu imekwisha. Hatua nne za kuzidisha na moja ya kutoa zimefanya kazi ambayo karani wa mfalme angeifanya kwa siku nzima.

Kutoka kwa Waarabu hesabu hii ilipita ikaenda Ulaya. Leonardo wa Pisa, aitwaye Fibonacci, aliyejifunza hesabu za Kihindi katika bandari za Afrika ya Kaskazini, aliiingiza katika kitabu chake Liber Abaci cha mwaka 1202. Karne iliyofuata Dante, mshairi wa Florence, alipotaka kueleza wingi wa malaika mbinguni, aliutaja wingi wa maradufu ya sataranji kwa kuwa hakuwa na mfano mkubwa kuliko huo. Njia hiyo, kutoka Hindi hata Arabuni na kutoka Arabuni hata Ulaya, imeacha alama yake hata katika ulimi wa Waswahili. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa, na ishirini mpaka mia na elfu, ni ya Kiarabu. Laki imetoka Bara Hindi. Milioni na bilioni zimetoka Ulaya. Mswahili akitaka kuitamka hesabu ya Sissa hana neno moja la kumtosha. Itambidi aseme milioni kumi na nane na ushei za trilioni, na katika kusema hivyo atakuwa ametumia maneno ya mataifa yale yale yaliyoibeba.

Hata hapo namba hii ilikuwa imetazamwa kwa ukubwa wake tu. Ilisalia kutazamwa kwa ndani, yaani kuulizwa ni namba zipi zinazoigawanya bila ya baki. Ajabu ni kwamba mlango wa ndani ulikuwa umeachwa wazi na al-Biruni. Namba yoyote iliyo pungufu kwa moja kuliko mraba wa namba nyingine hugawanyika mara mbili kwa urahisi. Mathalan, nane mara nane ni 64. Punguza moja ipatikane 63, nayo ni saba mara tisa, yaani namba ya kabla ya nane na ya baada yake. Hesabu ya sataranji ni pungufu kwa moja kuliko mraba wa 4,294,967,296. Basi ni 4,294,967,295 mara 4,294,967,297. Ile ndogo nayo ni pungufu kwa moja kuliko mraba wa 65,536, basi ni 65,535 mara 65,537. Na 65,535 ni 255 mara 257. Na 255 ni 15 mara 17. Na 15 ni 3 mara 5. Mtu akizirudia hatua za al-Biruni kinyumenyume, bao zima humfungukia: 3, na 5, na 17, na 257, na 65,537, na 4,294,967,297.

Hapo ndipo anapoingia hakimu wa pili. Pierre de Fermat alikuwa mjumbe wa mahakama kuu ya Toulouse, Ufaransa, na hesabu aliifanya kwa mapenzi tu, nje ya kazi yake ya sheria. Mwaka 1640 aliwaandikia rafiki zake juu ya namba hizo hizo: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja ni namba tasa, maana yake haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kila moja hupatikana kwa kuzidisha iliyo kabla ya nyongeza kwa yenyewe na kuongeza moja: 2 na 1, 4 na 1, 16 na 1, 256 na 1, 65,536 na 1. Fermat akasadiki kwamba mlolongo huo utaendelea hivyo milele, na kwamba 4,294,967,297 na zote zitakazofuata ni tasa vile vile. Alikiri wakati huo kwamba uthibitisho kamili hakuwa nao. Lakini hakuwa na shaka.

Imani yake haikuwa ya kijinga. Kesi tano mfululizo zilikuwa zimeshuhudia upande wake, na ya sita ilikuwa kubwa kiasi cha kutisha kuichunguza kwa mkono. Jambo la kusikitisha ni kwamba chombo cha kuichunguzia alikuwa nacho. Mwaka ule ule wa 1640 aligundua kanuni yake maarufu juu ya namba tasa na mabaki, na kwa kanuni hiyo akaonyesha kwamba mbili ikizidishwa kwa yenyewe hata ifike kipeo cha 37, kisha ikapunguzwa moja, hugawanyika kwa 223. Angaliielekeza kanuni hiyo kwenye namba yake mwenyewe, angalipata jibu kwa kazi ya saa chache.

Kazi hiyo ilimngoja Leonhard Euler, kijana wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha wanazuoni cha St. Petersburg, Urusi. Rafiki yake Christian Goldbach alimwuliza kwa barua mwaka 1729 kama ameisikia rai ya Fermat. Mwaka 1732 Euler, akiwa na umri wa miaka 25, alitoa jawabu: 4,294,967,297 si tasa, bali ni 641 mara 6,700,417. Baadaye akaeleza siri ya namna ya kuitafuta. Namba tasa yoyote inayoigawanya namba ile ni lazima iache baki moja ikigawanywa kwa 64. Basi hapana haja ya kujaribu namba zote. Zitoshazo ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641 na kuendelea. Kati ya hizo, zilizo tasa ni 193, 257, 449, 577 na 641 tu. Ya tano ndiyo yenyewe. Majaribio matano yangetosha kuivunja imani iliyojengwa juu ya mifano mitano.

Wanahesabu waliofuata wamepata njia fupi zaidi ya kuhakikisha, isiyohitaji hata kugawanya. Namba 641 ni 640 na 1. Tena ni 625 na 16. Kwa kuwa 640 ni pungufu ya 641 kwa moja tu, 640 ikizidishwa kwa yenyewe hata ifike kipeo cha nne huacha baki moja ikigawanywa kwa 641. Lakini 640 ni tano mara 128, na kwa hiyo kipeo chake cha nne ni 625 mara 268,435,456. Nayo 625 ni pungufu ya 641 kwa 16. Basi mahali pa 625 paweza kuwekwa upungufu wa 16, na 16 mara 268,435,456 ni 4,294,967,296 kamili. Yaani upungufu wa 4,294,967,296 na baki ya moja ni kitu kimoja mbele ya 641; kwa hiyo namba hiyo ikiongezwa moja haina budi kugawanyika. Mwanafunzi aweza kuifuata hoja hiyo kwa kipande kimoja cha karatasi.

Baada ya Euler, hesabu ya sataranji ikawa imefunguliwa yote. Vigawo vyake tasa ni saba, wala hakuna kinachojirudia: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Kwa kuwa kila kimoja chaweza kuchukuliwa au kuachwa, namba zinazoigawanya hesabu ya Sissa bila ya baki ni 128, ambayo ni idadi ya chembe zilizomo katika nyumba ya nane.

Wala zile tano za Fermat hazikutupwa. Tarehe 30 Machi mwaka 1796, Carl Friedrich Gauss, kijana wa Kijerumani asiyetimiza miaka 19, alitambua kwamba umbo la pembe 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa bikari na rula peke yake, jambo ambalo Wayunani wa kale hawakulijua. Katika kitabu chake cha mwaka 1801 akaonyesha kwamba siri yake imo katika namba hizo hizo, na Pierre Wantzel akakamilisha uthibitisho upande wa pili mwaka 1837. Umbo lenye idadi witiri ya pembe huchorwa kwa bikari na rula ikiwa tu idadi hiyo ni zao la namba tasa za Fermat zilizo mbali mbali. Kwa kuwa zinazojulikana hadi leo ni tano tu, umbo kubwa kuliko yote la namna hiyo linalojulikana ni lenye pembe 4,294,967,295; na hizo ndizo chembe za nusu ya kwanza ya bao, zile ambazo mfalme angeweza kuzilipa.

Majirani wa namba hii nao wana habari zao. Inayoifuata, nyumba ya 65, haina kigawo tasa ila mbili. Inayofuata hiyo, 18,446,744,073,709,551,617, ni namba nyingine katika mlolongo wa Fermat. Imeachana na hesabu ya sataranji kwa mbili tu, lakini haina mlango wowote wa wazi. Mwaka 1880 Fortuné Landry wa Ufaransa alitangaza kuwa ni 274,177 mara 67,280,421,310,721. Na baadaye ikaonekana kwamba Thomas Clausen alikuwa amempelekea Gauss jawabu hilo kwa barua mwaka 1855, bila ya ulimwengu kujua. Namba moja ilifunguka kwa kurudi nyuma hatua chache. Jirani yake ilikaa imefungwa zaidi ya karne mbili tangu Fermat aitaje. Ukubwa wa namba, basi, hauelezi ugumu wake. Juu ya ugumu huo wa kutafuta vigawo ndipo ulipojengwa, tangu mwaka 1977, mtindo mmoja mashuhuri wa kuficha siri katika mawasiliano ya kompyuta.

Hesabu ya Sissa yenyewe iliendelea kutembea. Mwaka 1883 Édouard Lucas alitoa mchezo wa mnara wa visahani, akaufungamanisha na kisa cha kubuni cha hekalu moja la Benares ambamo makasisi wanahamisha visahani 64 vya dhahabu, kimoja kimoja, bila ya kuweka kikubwa juu ya kidogo. Wakimaliza, dunia itakwisha. Idadi ya chini ya hatua zao ni 18,446,744,073,709,551,615. Kwa hatua moja kila sekunde, kazi hiyo ingechukua miaka zaidi ya bilioni 584. Na katika zama hizi, kompyuta na simu zinazofanya kazi kwa biti 64 huichukua namba hiyo kuwa namba nzima kubwa kuliko zote iwezayo kukaa katika nafasi moja ya biti hizo. Ikiongezwa moja, nafasi hurudi sifuri, kama lile lundo la al-Biruni lilivyotoka nje ya bao.

Mtu akiwatazama mahakimu wale wawili ataona kuwa tofauti yao haikuwa ya akili. Fermat alikuwa mwanahesabu bora kuliko Ibn Khallikan kwa umbali usiopimika. Kadhi wa Damaski hakugundua kanuni yoyote. Lakini mbele ya jambo moja, kadhi alifanya kama ilivyopasa katika baraza lake: alisikiliza madai makubwa, akayaonea shaka, akataka karatasi ya hesabu, akaifuata mpaka mwisho, na sehemu moja ambayo hakuiona kwa macho yake akaiandika kuwa dhamana yake ni juu ya mwenye kusema. Fermat alisikiliza mashahidi watano waaminifu, akatoa hukumu juu ya wa sita kabla hajaitwa.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Tangu Euler, namba za mlolongo wa Fermat zimechunguzwa nyingi, kwa mkono na kwa mashine, na kila iliyokatiwa shauri baada ya zile tano imeonekana kuwa si tasa. Watu wengi wa hesabu sasa hudhani kwamba hakuna tasa nyingine tena. Huenda ni kweli. Lakini hakuna aliyethibitisha, na dhana hiyo, hata ikiwa imeelekea upande wa pili, imesimama juu ya msingi wa namna ile ile aliosimama juu yake hakimu wa Toulouse. Mpaka itakapoletwa karatasi ya hesabu, dhamana ni juu ya msemaji.